Nairobi hadi Mombasa kwa Madaraka Express: saa ya kuondoka, upande wa dirisha na mambo ya getini

Wengi wanaopanga kwenda Mombasa kwa treni huanza kwa kuuliza daraja: la kwanza au la kawaida? Kama haja yako ni kufika tu, swali hilo linatosha. Ila kama unapanda treni ili uione nchi, daraja ni jambo la tatu. La kwanza ni saa ya kuondoka, la pili ni upande wa dirisha. Aliyelipa shilingi 4,500 za daraja la kwanza kwenye treni ya usiku ataitazama sura yake mwenyewe kiooni hadi Miritini, kituo cha Mombasa. Aliyelipa 1,500 za daraja la kawaida akapata dirisha la kulia asubuhi ataona milima, nyika na pengine tembo. Hizo ndizo nauli zilizoanza kutumika Januari 2024. Kabla ya hapo zilikuwa 3,000 na 1,000, na reli ilipofunguliwa mwaka 2017 daraja la kawaida lilikuwa shilingi 700 tu.

Kila siku treni huondoka Nairobi na Mombasa kwa saa zilezile: saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri na saa nne usiku. Kwenye tikiti utaona 08:00, 15:00 na 22:00, kwa hiyo usome vizuri kabla ya kumwambia dereva akupitie saa ngapi. Ile ya asubuhi ndiyo inayosimama vituo vya njiani: Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani, na huchukua kama saa sita. Ya alasiri huchukua kama saa tano. Ya usiku hufika alfajiri mbichi, kabla hata ya adhana, na mtu asiye na wa kumpokea hujikuta akisubiri mapambazuko kwenye benchi.

Ukitoka Nairobi, panda ya asubuhi. Njia nzima, kilomita 472, unaipita mchana. Ya alasiri nayo si mbaya, kwa sababu giza huingia ukikaribia Voi, na kipande unachokikosa, yaani nyika ya Taru hadi Mariakani, ndicho chenye machache ya kutazama. Ukitoka Mombasa mambo hugeuka. Treni ya saa tisa alasiri hupita mbuga ya Tsavo kwenye saa kumi na moja hivi, jua likiwa limelegea na wanyama wanatoka vichakani kwenda majini. Ile ya asubuhi hupita hapo jua linapoelekea utosini, na tembo wamejibanza vivulini. Kwa hiyo kwa mwenye siku mbili tatu za kukaa pwani, mpango mzuri ni kwenda Mombasa kwa treni ya asubuhi na kurudi Nairobi kwa ya alasiri.

Sasa upande. Reli inatoka Nairobi ikielekea kusini-mashariki, na karibu kila mlima wenye jina uko kulia: Kilimanjaro, Chyulu, Sagalla, vilima vya Taita, Kasigau. Kulia hapa ni kulia kwa mtu anayetazama kule treni inakokwenda. Nasisitiza hilo kwa sababu katika daraja la kawaida viti vimepangwa vikitazamana, nusu ya abiria wanasafiri kinyumenyume, na mtu akiambiwa "keti kulia" huenda akaketi kushoto akiwa na uhakika wote. Ukirudi Nairobi, milima iko kushoto. Jua nalo linaingia kwenye hesabu. Asubuhi jua liko mashariki, kwa hiyo upande wa milima ndio wenye kivuli, uwe unakwenda Mombasa au unarudi Nairobi. Alasiri upande huohuo wa milima ndio unaopigwa na jua usoni. Mabehewa yana kipozahewa na madirisha hayafunguki, hivyo joto si tatizo kubwa, ila mng'ao kiooni utaharibu picha.

Upande wa kushoto una faida zake, tusiudharau. Kuanzia Mtito Andei hadi Tsavo unaandamana na uwanda wa Yatta, ukuta mrefu bapa upande wa kaskazini-mashariki. Ni lava iliyotiririka na kuganda zamani, na kwa urefu wa karibu kilomita 300 ni mojawapo ya mikondo mirefu ya lava duniani. Na Tsavo Mashariki, kwenye nyika iliyo wazi zaidi, iko kushoto. Anayetaka tembo kuliko mlima hatajuta kukaa huko.

Kuhusu mpangilio wa viti: daraja la kawaida lina watatu upande mmoja wa njia na wawili upande wa pili, na meza ndogo katikati ya wanaotazamana. Katika kila watu watano, ni wawili tu wenye dirisha. Anayekaa katikati ya wale watatu ndiye mwenye taabu: hana dirisha, hana njia, na miguu yake inagongana na ya aliye mbele. Mgongo wa kiti umesimama wima na haulali. Saa sita za hapo mtu mzima huvumilia, lakini kwa mzee mwenye maumivu ya mgongo au magoti, hapo ndipo daraja la kwanza linapostahili pesa yake, kwa sababu lina viti viwili viwili, ni vipana na nafasi ya miguu inatosha. Familia ya watu watano ikikata tikiti kwa pamoja huweza kupata safu moja au zinazokaribiana. Wakikata mmoja mmoja, kila mtu atatupwa behewa lake, na kubadilishana viti na wageni kunawezekana lakini si haki yako.

Kukata tikiti kuna njia tatu: tovuti ya shirika la reli, simu kwa kupiga *639#, au dirishani pa kituo. Kwa simu, unachagua safari, tarehe, daraja na idadi ya abiria, kisha unaingiza jina na nambari ya kitambulisho au pasipoti ya kila mmoja. Mwisho inakuja zamu ya M-Pesa: ombi la kuweka nambari yako ya siri linatokea kwenye skrini. Hapa ndipo wengi hukwama. Nafasi inashikiliwa kwa muda mfupi tu, na usipolipa inarudi sokoni. Hakikisha pesa zimo kwenye simu kabla hujaanza, pamoja na za ada, na usianze kutafuta nambari za vitambulisho vya watoto wa shangazi ukiwa katikati ya shughuli. Ziandike kwanza kwenye karatasi.

Jina kwenye tikiti lazima lifanane na la kitambulisho, kwa sababu vinakaguliwa pamoja getini. Hii ndiyo sababu tikiti za kununua kwa mtu mkononi, hasa Desemba, ni hatari: hata kama ni halali, jina si lako. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hasafiri kwa nauli lakini pia hapati kiti, atapakatwa. Wa miaka mitatu hadi kumi na mmoja hulipa nusu. Na usafiri wa kurudi ukate siku hiyohiyo unayokata wa kwenda. Kwenye sikukuu za Krismasi na Pasaka, na shule zinapofungwa Aprili na Agosti, tikiti za kwenda hupatikana kwa bahati na za kurudi hazipatikani kabisa, ndiyo maana mabasi ya usiku kutoka Mwembe Tayari, Mombasa, hujaa abiria waliokuja kwa treni.

Baada ya kulipa unapata ujumbe wenye nambari ya kumbukumbu. Ujumbe huo si tikiti. Ukifika kituoni unaichapisha tikiti yenyewe kwenye mashine au dirishani kwa kutumia nambari hiyo. Piga picha ujumbe au uuandike mahali, maana simu iliyozima chaji kituoni ni balaa. Mashine zikiwa na foleni, na saa moja kabla ya treni huwa nazo, nenda dirishani.

Kituo cha Nairobi kiko Syokimau, nje ya jiji, na cha Mombasa kiko Miritini, bara, nje ya kisiwa. Safari nyingi zinazoharibika haziharibikii relini, zinaharibikia kati ya nyumbani na kituo. Treni haimsubiri mtu, geti hufungwa kabla ya saa ya kuondoka, na msongamano wa Mombasa Road haujali tikiti yako. Kutoka katikati ya Nairobi kuna treni ya abiria wa mjini inayotoka stesheni ya zamani hadi Syokimau, na ratiba yake imepangwa kuoana na treni za Mombasa. Ndiyo njia yenye wasiwasi mdogo kuliko zote, hasa Ijumaa mchana. Anayekwenda kwa gari siku hiyo, awe njiani saa sita mchana kwa treni ya saa tisa. Ndiyo, saa tatu nzima. Akifika mapema atakunywa chai.

Kinachokula muda kituoni ni ukaguzi. Kabla hujaingia ndani, mizigo yote hupangwa chini kwa mstari na abiria husogea kando, kisha askari anampitisha mbwa ananusa begi baada ya begi. Huwezi kuuharakisha mstari huo: waliochelewa husubiri kundi lijae ndipo mbwa arudi. Baadaye kuna mashine ya eksirei na kupapaswa mwilini, kisha ukaguzi wa tikiti na kitambulisho, na mara nyingi mzigo hupitishwa kwenye mashine kwa mara ya pili. Pombe hairuhusiwi kuingia nayo, wala visu, panga, na vitu vinavyoshika moto kama mafuta ya taa, gesi na makopo ya kupuliza. Anayepeleka kisu kipya cha jikoni kwa mama mkwe kitabaki getini. Chakula na maji ni ruhusa, na inafaa kuvibeba. Ndani kuna behewa la mkahawa na wahudumu wanaosukuma vigari vya soda, chai na vitafunio, lakini bei si ya kibandani. Chapati na mayai ya kuchemsha kutoka nyumbani vinatosha hadi Voi.

Tikiti ina nambari ya behewa na ya kiti. Treni ni ndefu na mkokoteni wa mizigo haupo, kwa hiyo soma nambari ya behewa ukiwa ukumbini, utembee jukwaani hadi hapo ilipo. Mhudumu aliyevaa sare husimama kwenye kila mlango. Masanduku makubwa yanakaa rafu za juu, na mzigo mzito usioweza kuuinua mwenyewe hadi juu ya kichwa utakuwa kero kwako na kwa jirani. Tikiti usiitupe hadi utoke nje ya kituo cha mwisho.

Treni ikishatoka Syokimau, watu wengi hutoa simu wakitafuta twiga wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Hawako hapa. Lile daraja refu linalopita juu ya mbuga liko kwenye reli ya kwenda Naivasha na Suswa, iliyofunguliwa mwaka 2019, si kwenye njia ya Mombasa. Unachoona kwa dakika za kwanza ni maghala, viwanda vya saruji vya Athi River, kisha tambarare za Kapiti, ambako swala na pundamilia huonekana wakila na ng'ombe kama majirani wa miaka mingi.

Kilimanjaro inataka kujiandaa. Nafasi nzuri ni kabla na baada ya Emali, na mlima hauko ubavuni kabisa bali mbele kidogo upande wa kulia, umbali wa kama kilomita 110. Anayetazama mbele ndiye huuona kwanza. Tafuta juu kuliko unavyodhani, kwa sababu vumbi na ukungu hufuta kitako cha mlima na kilele cha theluji hubaki kimening'inia hewani. Kufikia saa tatu na nusu asubuhi mawingu mara nyingi yameshaufunika. Uwezekano ni mkubwa zaidi Januari, Februari na baada ya mvua ya usiku kusafisha hewa. Kwa treni ya alasiri kutoka Mombasa, unapita hapo wakati jua linazama, na mlima hutokea kama kivuli cheusi juu ya wekundu, ikiwa hujachelewa. Ukitoka Nairobi, ukishapita Makindu nafasi hiyo hufungwa: vilima vya Chyulu vinajipanga kati yako na mlima.

Na Chyulu havitazamwi kama kizuizi tu. Ni volkano changa, zilizotema moto kwa mara ya mwisho katika karne ya 19. Mwamba wake ni tundutundu, mvua inayonyesha juu haiundi mto, inazama yote na kuibukia upande wa pili kwenye chemchemi za Mzima. Kutoka hapo maji hupelekwa kwa bomba hadi Mombasa. Maji utakayooga ukifika yanaweza kuwa yalianza safari kwenye vilima hivyo vya kijani ulivyoviona dirishani.

Kuanzia Kibwezi mibuyu huanza, mmoja mmoja, kisha misitu mizima, na mashamba ya mkonge yenye safu zilizonyooka. Huu pia ndio mwanzo wa joto, kwa sababu umeteremka kutoka zaidi ya mita 1,500 na utaendelea kuteremka hadi karibu na usawa wa bahari. Karibu na Mtito Andei, treni mbili za asubuhi hupishana. Reli ni ya njia moja, kwa hiyo moja huingia njia ya pembeni na kungoja. Vivyo hivyo kwa treni za mizigo, zenye makontena yaliyopandana mawili mawili. Treni ikisimama porini dakika chache bila kituo chochote, sababu huwa ni hiyo, na hakuna haja ya kupiga simu nyumbani.

Tsavo ndiyo sababu watu hulipia dirisha. Reli imeinuliwa juu ya tuta refu, na chini yake kuna vivuko vipana walivyoachiwa wanyama wapite. Faida ya tuta ni kwamba unaona mbali, juu ya vichaka. Hasara yake ni kwamba wanyama wanaonekana wadogo, na kwa kasi ya kilomita 120 kwa saa unapata sekunde nne au tano tu. Usitafute mnyama, tafuta rangi. Tembo wa Tsavo huoga udongo mwekundu, na kwa mbali ni kama vichuguu vinavyosogea. Elekeza macho kwenye mabwawa na vijito vikavu, kisha mita mia mbili tatu kutoka relini, si karibu, maana vya karibu vinapita vikiwa ukungu. Msimu una uzito kuliko bahati: Julai hadi Oktoba, na Februari, majani yamepukutika na maji ni machache, kwa hiyo wanyama wamekusanyika. Novemba na Mei kila kitu ni kijani kibichi, kizuri sana kwa picha za nchi, lakini tembo mzima hupotea nyuma ya kichaka kimoja.

Ukivuka mto Tsavo, tazama chini. Reli ya zamani, ya upana wa mita moja, ilijengwa kupita hapa, na ndipo simba wawili walipowaua vibarua wa reli mwaka 1898 hadi kazi ikasimama. Simba hao waliuawa Desemba mwaka huohuo, na ngozi zao ziko kwenye jumba la makumbusho la Field, Chicago.

Kwa picha, bandika lenzi ya simu kabisa kwenye kioo ili kuondoa mwakisiko, na vaa nguo nyeusi ukiweza, kwa sababu shati jeupe hujitokeza kiooni juu ya kila mlima. Futa kioo upande wa ndani kwa kitambaa. Upande wa nje huna la kufanya, na baada ya vumbi la Tsavo kuna siku dirisha lote ni kahawia. Watu wengine husimama kwenye kiunganishi cha mabehewa wakidhani wataona zaidi. Hawaoni, na wanazuia njia ya chooni.

Voi ni kituo cha kushukia kwa wanaokwenda Taveta na kuvuka mpaka Holili hadi Moshi. Magari hupatikana mjini. Emali ni ya wanaokwenda Loitoktok na Amboseli. Anayeshuka vituo vya kati lazima awe kwenye treni ya asubuhi, na aanze kujiandaa kabla haijasimama, maana kituo hupewa dakika chache tu. Kutoka Voi kwenda chini, Sagalla iko kulia hapohapo, kisha Kasigau ikiwa peke yake kwenye nyika, halafu Taru: vichaka vya kijivu kwa saa nzima. Ni wakati mzuri wa kula au kulala. Minazi ya kwanza Mariakani itakuamsha.

Miritini utapokewa na joto la unyevu na madereva wanaoita majina ya mitaa kwa pamoja. Usikubali bei ukiwa unatembea. Simama, taja unakokwenda, ulizia wawili. Matatu za mjini ziko nje kidogo ya lango na ndizo nafuu kwa mwenye begi moja. Anayekwenda Diani asikubali kupelekwa feri ya Likoni bila sababu: tangu barabara ya Dongo Kundu ilipokamilika, gari hutoka Miritini hadi Pwani ya Kusini bila kuingia kisiwani. Mwambie dereva "Dongo Kundu" kabla hajawasha gari, kwa sababu akishaingia kwenye foleni ya Changamwe hakuna pa kugeukia.